Betri Inaishia Kwenye Mashine ya Unga

4 Machi

Kwa Duka la Baiskeli za Umeme,
Meza ya Maoni ya Wateja.

Habari za kazi.

Mmenitumia karatasi ya kujaza nyota. Nimeijaza na imo humu ndani ya bahasha, lakini nyota hazisemi kitu, na nafasi mliyoacha chini kwa ajili ya "maoni mengine" haimtoshi mtu mwenye maoni. Kwa hiyo naandika barua.

Mimi ni kinyozi mstaafu. Baiskeli yenu nimeanza kuipanda mwezi uliopita. Breki ni nzuri. Kengele ni nzuri, ina sauti ya adabu. Rangi sijali, hata mngeniletea ya waridi ningepanda. Tandiko linauma siku za mwanzo, halafu unalizoea kama unavyomzoea shemeji mkorofi.

Lakini mmeuliza kitu gani ni muhimu zaidi kwa mnunuzi, mkaweka visanduku: bei, uzito, kasi, umbali wa betri, matengenezo. Nimeweka alama kwenye umbali, na nimekandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Naomba nieleze kwa nini.

Figo za mke wangu zimechoka. Mara tatu kwa wiki anakwenda hospitali kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, na hospitali iko upande wa pili wa kilima. Kwenye basi anatapika na watu wanamtazama, na yeye ni mkunga, amezoea kuwatazama wengine. Ndiyo maana nikanunua baiskeli. Nimefunga mto juu ya keria, anakaa nyuma yangu, ananishika kiunoni. Kwenda hatuna neno. Kurudi, betri inakufa. Tena inakufa pale pale kila safari, mbele ya mashine ya unga, katikati ya mwinuko, kama ng'ombe aliyegoma. Hapo nashuka, nasukuma. Yeye hashuki kwa sababu simruhusu. Mtu akitoka kuunganishwa na ile mashine hana miguu.

Kipeperushi chenu kinasema betri inafika mbali kuliko hivyo. Nataka kujua nani mwongo hapa: mimi, kipeperushi, au kilima.

Wenu,
Kinyozi


11 Machi

Mzee wangu, shikamoo.

Barua yako imenifikia mimi, binti wa meza ya maoni. Hapa ofisini wananiita Wa Maoni, kwa sababu kazi yangu ni kusoma maoni ya wateja, na kila mwisho wa mwezi namwandikia Mkuu wa Mauzo muhtasari wa wanachokitaka. Naweza kukwambia bila kufungua faili. Umbali kwanza. Halafu uzito, maana wengi wanaibeba baiskeli ngazini. Halafu kama fundi anapatikana karibu. Kasi wanaitaja vijana, na wakishaanguka mara moja hawaitaji tena. Ila barua ya mkono sijawahi kuipata. Niliwasomea wenzangu. Tulicheka pale kwa shemeji mkorofi, halafu ulipofika kwa mama nikaisoma iliyobaki polepole.

Kipeperushi hakidanganyi, mzee wangu, ila kimesema nusu ya ukweli. Umbali ule ulipimwa kwa kijana mmoja mwembamba, barabara tambarare, siku isiyo na upepo. Jaribu haya: jaza upepo tairi ya nyuma mpaka iwe ngumu. Usiweke nguvu ya mota juu kabisa tangu mnapoanza, iachie mwinuko. Na ukifika hospitali omba plagi uchaji wakati mama yuko kwenye mashine.

Niambie pia uzito wenu ninyi wawili, na barabara mnayopita. Nimeangalia ramani, na njia kutoka hospitali mpaka kwenu ni fupi. Betri ilitakiwa ifike.

Kuna betri kubwa zaidi ambayo bado haijaletwa. Nitaomba moja kwa ajili yenu. Msalimie mama.

Wako,
Wa Maoni


20 Machi

Mwanangu, marahaba.

Uzito wangu ni wa gunia la unga lililopunguzwa kidogo. Wa mke wangu amekataa kuutaja. Amesema amewapima watoto wa mji mzima na hajawahi kumruhusu mtu ampime yeye. Lakini nikwambie jambo moja ambalo sitamsomea: anapungua. Nalisikia kwenye pedeli. Na betri bado inaishia pale pale.

Ya upepo na ya mota nimefanya. Ya plagi nayo nilifanya. Muuguzi alinionyesha tundu la umeme ukutani karibu na kitanda, basi mke wangu akawa upande huu na betri upande ule, wote wameunganishwa. Nikamwambia, leo mnachajiwa wawili, tuone nani ataniishia njiani. Alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia sindano. Siku hiyo tulipita mbele ya mashine ya unga bila kusimama, tukafika nyumbani jua lingali juu. Ajabu ni kwamba njia nzima hakusema neno. Nilidhani amechoka. Safari iliyofuata msimamizi wa wodi akakataza, plagi zile ni za wagonjwa. Siwezi kumlaumu.

Mwenye mashine ya unga ametuzoea. Betri ikifa anatupisha kibarazani kwake, mke wangu anapumzika kabla sijaanza kusukuma. Unga unaruka, tunarudi nyumbani weupe kama maharusi, na mimi nampangusa kichwa kwa brashi yangu ya kazini. Pale kibarazani ananipotezea muda kwa hadithi za nani alizaliwa kwa kutanguliza miguu na nani mama yake alimng'ata mkunga. Mimi namsikiliza kwa sikio moja, nawaza kilima.

Barabara tunayopita ni ya kawaida.

Ihimize hiyo betri kubwa, mwanangu. Nimechoka kukaa kwenye unga.

Kinyozi


28 Machi

Binti wa Maoni,

Usishtuke. Mimi ndiye ule mzigo wa kwenye keria. Mzee wangu hunisomea barua zako kwa sauti, kwa hiyo nakufahamu. Hii naiandika nikiwa kitandani hospitali, yeye yuko nje anajaza upepo tairi ambayo haihitaji upepo. Ataiposti mdogo wangu wa kike. Ukinijibu, nijibu kwa anwani yake, iko nyuma ya bahasha.

Uliuliza barabara, akakujibu "ya kawaida." Mume wangu hajui kudanganya, na akijaribu hutumia maneno mafupi. Njia fupi ina mawe. Nikirushwarushwa mgongo unaniuma hadi machozi. Sikuwahi kulalamika, nilijikaza tu, lakini siku moja akaanza kupita njia ya kuzunguka, ile ya lami, bila kusema kitu. Na mimi sikusema kitu. Betri yenu haina ubovu wowote. Inaishia pale kwa sababu ya mgongo wangu.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Kazi yangu yote ilikuwa kusikiliza pumzi za watu. Anaposukuma kutoka pale kwenye mashine ya unga kwenda juu, namsikia. Kuna mluzi kifuani mwake ambao mwaka jana haukuwepo. Anasimama, anajishika ubavu, anasema anatazama mandhari. Pale hakuna mandhari, binti, pale kuna ukuta wa ghala. Nimemwambia akapimwe, amekataa. Nikisema nishuke, anagomba. Nikisema nikakae kwa mdogo wangu, ambaye nyumba yake iko nyuma tu ya hospitali, ananiuliza kama nimefiwa na mume.

Yeye ni mtu wa maandishi. Dukani kwake alibandika masharti ukutani, na aliyeyatii kuliko wote ni yeye. Ukimwandikia barua ya kampuni, yenye muhuri, kwamba baiskeli hairuhusiwi kubeba watu wawili, atatii. Mimi nitahamia kwa mdogo wangu, naye atakuja kuniona akiwa peke yake, bila kusukuma mtu. Nakuomba hilo. Najua ni uongo. Kwenye kazi yangu nimesema uongo wa namna hii mara nyingi, "bado kidogo tu, mama, bado kidogo," na watoto wakazaliwa.

Usimwambie ni mimi. Atavunjika.

Mkunga


6 Aprili

Kwa Mteja Wetu Mpendwa,

KUHUSU: KUBEBA ABIRIA KWENYE KERIA

Baada ya kupitia maelezo uliyotutumia, tunapenda kukujulisha kwamba baiskeli yako imetengenezwa kwa ajili ya mpandaji mmoja. Keria ni ya mizigo midogo tu. Kubeba mtu wa pili hakuruhusiwi, kwani kunaweza kuharibu betri na breki na kusababisha ajali. Tafadhali zingatia agizo hili kuanzia siku utakayopokea barua hii.

Duka la Baiskeli za Umeme
(muhuri)

Mzee wangu, nisamehe. Ni kwa usalama wenu wote wawili.
Wa Maoni


17 Aprili

Mwanangu,

Nimeisoma mara mbili na nimeibandika ukutani, juu ya chaja. Sikuipenda, lakini kilichoandikwa kimeandikwa. Nakushukuru kwa kuniambia ukweli. Muuzaji mwingine angeniacha nimwangushe mke wangu barabarani, ilimradi amekwisha kuuza.

Mke wangu amehamia kwa mdogo wake. Nilidhani atabisha. Nilikuwa hata nimejiandaa na majibu. Hakubisha. Alifungasha nguo zake kama mtu aliyekuwa anangoja kuitwa, akaniuliza kanga zake ziko wapi, basi. Hilo limeniuma kuliko barua yako. Nimekaa nikifikiri labda alikuwa amekwisha kunichoka, mimi na baiskeli yangu na makelele yangu, akakosa namna ya kusema.

Siku za mashine nakwenda kumwona. Kuhusu betri, andika kwenye muhtasari wako kwamba sasa inafika mbali kuliko nilivyotarajia. Juzi nimekwenda na kurudi, imezima taa moja tu ya chaji. Kilima nakipanda kama sikioni.

Mto wa kwenye keria nimeufungua. Naulalia.

Kinyozi


9 Mei

Binti yangu,

Nilikosea. Naandika kwa haraka kwa sababu siku hizi mkono unachoka kabla ya maneno.

Nilikuwa nasikiliza pumzi zake, nikasahau zangu. Anakuja kila siku ya mashine. Anakaa kwenye kiti cha wageni, kofia mapajani, kama mtu aliyekuja kuposa. Ananiuliza kama nimelala vizuri. Ananiambia "samahani" akinipa maji. Mume wangu huyo! Mtu aliyenigombeza kila siku iliyokucha tangu tuoane, sasa ana adabu kama karani wa benki. Anafikiri nimemchoka. Nimeliona machoni, na siwezi kulivumilia.

Nataka kurudi nyumbani. Na nikikwambia ukweli wangu wote, hata kabla ya nyumbani naitamani ile mashine ya unga. Betri ikifa tulikuwa tunakaa kibarazani, yeye kanuna, mimi naongea. Nyumbani siku zote ana kitu cha kutengeneza. Hospitali niko na mirija. Pale tu ndipo tulipokuwa hatuna pa kwenda wala la kufanya, tuko wawili. Siku ile aliyochaji betri, tukapita bila kusimama, nusura nilie mgongoni kwake.

Daktari hanielezi kitu, lakini mimi sihitaji kuelezwa. Siku zangu si nyingi. Kwa hiyo mwandikie upesi kwamba anaweza kunibeba. Nikimwambia mimi atajua nilisikia kifua chake, ataona aibu, ataacha hata kuja. Tunga sababu yoyote. Akianza kusukuma nitamsimamisha kila baada ya hatua chache, nitasema nataka kutazama mandhari, tutautazama ukuta wa ghala mpaka kuche.

Betri kubwa usihangaike nayo. Hii tuliyonayo inatutosha. Inaishia panapotufaa.

Mkunga


15 Mei

Mama yangu, shikamoo.

Barua yako ilinifikia jana, na nimeisoma nikiwa nimejifungia stoo ili wenzangu wasinione. Sasa futa machozi, nina habari njema. Betri kubwa imekubaliwa. Mkuu wa Mauzo ametia sahihi na tayari iko njiani.

Nimefikiri usiku kucha na nimeona hivi. Nikimwandikia mzee leo kwamba ruhusa imerudi, atauliza kwa nini masharti yanageuka kama upepo, na bado atakusukuma mwinuko wote ule na kifua chake kile. Lakini nikisubiri betri, nitaweka barua ya ruhusa ndani ya boksi hilo hilo. Nitasema ni betri mpya ndiyo inayoruhusu watu wawili. Hatashuku kitu. Hatasukuma hata hatua moja. Mtapanda kilima mmekaa kama wakubwa na mtafika nyumbani mapema, wewe ukajinyooshe kitandani kwako. Nataka iwe furaha moja kubwa.

Kuhusu kibaraza, mama, mtakaa siku mtakayotaka, nani atawakataza? Mimi nimesoma maoni ya wateja mpaka macho yakaniuma, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika kwamba betri yake imefika mbali mno.

Nivumilie. Bado kidogo tu, mama.

Binti yako,
Wa Maoni


3 Juni

Mzee wangu, shikamoo!

Fungua boksi polepole, halafu ushangilie. Ndani kuna betri mpya, ile kubwa. Inaingia mahali pale pale pa zamani, ufunguo ni ule ule. Mara ya kwanza ichaji usiku mzima, usiichomoe hata ukiona taa zote zimewaka.

Na jambo lenyewe kubwa: kwa betri hii mnaruhusiwa kupanda wawili. Ile barua ya ukutani ibandue, uweke hii. Fundi wetu ameipima na magunia mawili ya mchanga kwenye mwinuko mkali kuliko wenu, na ilifika juu ikiwa bado na nguvu.

Mama hakukuchoka, mzee. Nina hakika na hilo kuliko ninavyoweza kukueleza. Funga mto kwenye keria, nenda kamchukue.

Wako mwenye furaha,
Wa Maoni


12 Juni

Binti,

Boksi lilifika Jumatano. Mke wangu tulimzika Jumapili iliyotangulia.

Nimeliacha mlangoni siku mbili, nikawa naliruka nikitoka na nikiingia. Halafu nikalifungua kwa sababu watu waliokuja kunipa pole walikuwa wanajikwaa. Ndani, juu ya betri, mmeweka kipeperushi kipya. Kina picha ya kijana anacheka, na chini yake: "Sasa inafika mbali kuliko nilivyotarajia. Mteja wetu, kinyozi." Hayo ni maneno yangu. Niliyaandika siku zile nilipotoka kumwacha mke wangu nyumbani kwa watu.

Nitakusimulia siku yangu ya mwisho naye, ili uijue kama ninavyoijua. Walipomchomoa kwenye mashine aliniambia, "Kinyozi, nipeleke nyumbani." Nikamwambia nitakodi gari. Akasema hataki gari, anataka keria. Nikamwambia mke wangu, kampuni imekataza kwa maandishi. Akasema, "Basi nipeleke mpaka kwenye mashine ya unga tu. Tukae kidogo, halafu unirudishe." Nami nikasema, sikiliza nilivyosema, "Yule binti amejitahidi kutuambia ukweli, leo tumvunjie heshima? Subiri, ameahidi betri kubwa." Nilimwona anafungua mdomo, kisha akaufunga. Akanipigapiga mkono, akasema, "Haya, mume wangu. Tusubiri."

Alikuwa mwepesi. Ningembeba mgongoni bila baiskeli.

Baada ya mazishi shemeji yangu, mdogo wake, alinikalisha chini akaniambia yote. Kwamba barua yenye muhuri aliiomba yeye mke wangu, kwa ajili ya kifua changu. Kwamba baadaye alikuandikia akakuomba uifute. Shemeji ndiye aliyeziposti zote mbili. Nimeibandua barua yako ukutani, imetoka na chokaa.

Sina la kukuuliza ila moja. Barua yake ya pili ilikufikia lini?

Kinyozi


20 Juni

Mzee wangu,

Ilinifikia tarehe kumi na nne Mei. Wewe nilikuandikia tarehe tatu Juni. Katikati hapo nilikuwa nasubiri boksi.

Nimeanza barua hii nikaichana, nimeanza tena nikaichana. Kila nikiandika kwa nini nilisubiri, inasomeka kama najitetea, na sina cha kujitetea. Ningekuandikia mstari mmoja ungetosha. Mama aliniambia waziwazi kwamba betri kubwa haitaki, hii mliyonayo inawatosha. Aliniambia anachokitaka na mahali kilipo, pale kibarazani kwenye mashine ya unga mlipokuwa mnakaa wawili, na sababu. Mimi nikamjibu kama ninavyowajibu wateja.

Kipeperushi sikukiona mpaka uliponiandikia. Mkuu wa Mauzo aliyachukua maneno kwenye muhtasari wangu, maana mimi ndiye niliyeyanakili humo, bila barua iliyoyazunguka. Nimekusanya nilivyovipata hapa ofisini nikavichoma. Vingine vimekwisha kusambazwa.

Muhtasari wa mwezi huu sijauandika. Kila nikifika pale penye "umbali" nashindwa.

Natamani ningeijua sauti yake.

Wa Maoni


1 Julai

Binti yangu,

Sauti yake ilikuwa nene, ya mtu aliyezoea kumwambia mwanamke mwenzake "sukuma" na akasikika hadi barabarani. Akicheka alikuwa anaanza bila sauti, mabega tu, halafu nyumba nzima inajua.

Nilikukasirikia. Hasira bado ninayo, ila imebaki kama ndevu za siku mbili: kwa mbali haionekani, ukigusa inachoma. Nikikaa peke yangu naipitia hadithi hii tangu mwanzo nimtafute mbaya wake, simpati. Mimi nilikuficha barabara. Yeye akanificha kwamba anakisikia kifua changu. Wewe ukanificha barua yake mpaka boksi lifike. Kila mmoja alikuwa anamhurumia mwenzake, na kwa huruma hiyo yote mke wangu akafa akisubiri nyumbani kwa watu. Nalia ninapoandika hapa, ukiona wino umeenea usidhani ni chai.

Kifua nimekwenda kupimwa. Hakuna tena wa kumficha. Wamenipa dawa na kunikataza kusukuma vitu vizito. Nilimwambia daktari sina cha kusukuma.

Betri yenu kubwa nairudisha, boksi lilelile. Mpeni mtu mwenye safari. Pamoja nayo nimejaza karatasi nyingine ya nyota, iliyokuja ndani ya boksi. Pale mlipouliza kitu gani ni muhimu zaidi safari hii sikuweka alama kwenye umbali. Nilichokuwa nacho hakina kisanduku kwenye karatasi yenu, nimekiandika pembeni: kibaraza. Kiingize kwenye muhtasari, hata kama Mkuu wa Mauzo atacheka. Nawe rudi kazini ukasome barua za watu. Ila safari hii wakikwambia inawatosha, waamini.

Jana jioni nilifunga mto kwenye keria nikapita njia yetu ya kuzunguka. Nilitaka betri iishie pale. Haikuisha. Nikiwa peke yangu haiishi kabisa, ingenipitisha mpaka nyumbani na ningefika mapema. Mbele ya mashine ya unga taa zilikuwa zinawaka karibu zote. Nikaizima kwa mkono wangu, nikashuka, nikakaa kibarazani upande wangu, upande wake nikauacha wazi.

Kinyozi